Mahindi ya Mama Mkubwa

Mama yangu aliishi Mafinga zaidi ya miaka arobaini, na muda wote huo majirani walimwita Mnyasa. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Kwetu mtu huitwa kwa alikotoka: mwenye duka alikuwa Mkinga, fundi wa misumeno alikuwa Mpangwa, na mama yangu, aliyelima viazi na njegere nyuma ya nyumba kama mwanamke yeyote wa Kihehe, alikuwa Mnyasa. Akiitwa aliitika. Siku akiwa na hasira alijibu, "Mnyasa ana jina," halafu akacheka mwenyewe.

Alizaliwa ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Malawi, kwa watu wanaoitwa Wangonde. Upande wetu wa mto watu hao hao huitwa Wanyakyusa. Lugha ni moja, migomba ni ile ile, na msiba ukitokea upande huu, wa upande ule huvuka kuja kulia. Baba alikuwa dereva wa lori. Alipakia mbao Mafinga na kuteremka nazo hadi Karonga. Huko ndiko alikomwona binti wa kwaya mwenye sauti nzito kuliko ya wanaume waliosimama nyuma yake. Alimposa, akampakia mbele kwenye lori pamoja na mkeka na kuku wawili. Mama alipenda kusimulia kwamba pale kwenye kizuizi cha mpakani askari aliuliza swali moja tu, kama wale kuku walikuwa wazima. Kuhusu binti hakuuliza chochote.

Nyuma alimwacha dada yake, mama mkubwa wetu, aliyeolewa hapo hapo kijijini kando ya mto. Songwe ni mto usiotulia. Mvua zikizidi unaacha njia yake na kuchimba nyingine, na mwaka mmoja ulihama hivyo hivyo, shamba la babu likajikuta upande wa Tanzania. Mama mkubwa akawa anavuka maji kila asubuhi na jembe begani kwenda kupalilia nchi ya watu. "Shamba nalo limeolewa Tanzania," alikuwa akisema, "limemfuata mdogo wangu."

Tulipokuwa wadogo tulipelekwa kwake kila likizo ya Juni, tukiikimbia baridi ya Mufindi. Tulikuwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume. Yeye alikuwa wa mwisho na alidekezwa. Alibebwa na mama mkubwa mgongoni hata alipokuwa amefikia umri wa kwenda shule, alikula kutoka mkononi mwake, na Kingonde alikijua vizuri kuliko mimi. Nayaeleza haya ili ieleweke kwamba baadaye, alipofanya alichokifanya, hakufanya kwa kutojua.

Tukakua. Mimi nilisomea ualimu, nikapangiwa shule ya sekondari Iringa mjini, na mpaka leo nafundisha somo la Uraia. Yeye alisomea kilimo, akaajiriwa kukagua mazao yanayoingia nchini, na kituo alichopewa kilikuwa mpakani, upande wa Kyela. Siku habari hizo zilipofika, mama alitembea nyumba kwa nyumba pale Mafinga akiwatangazia watu. "Mwanangu atakaa mlangoni kwetu," alisema. Baba alikuwa ameshafariki. Mama aliona kama Mungu amemrudishia mwanaume wa kumvusha.

Kisha nchi hizi mbili zikakosana.

Sitajifanya najua yote yaliyozungumzwa na wakubwa. Sisi tulichosikia redioni ni kwamba wenzetu walikuwa wamezuia mchele wetu, unga wetu, tangawizi yetu na ndizi zetu zisiingie kwao, na kwamba sisi tumewaonya mara kadhaa hawakusikia. Halafu tukasikia kwamba na sisi sasa tumezuia mazao yao yote. Malori yakasimama. Pale Mbeya, madereva waliokuwa wametoka Madibira na mchele waliteremsha mizigo stendi wakaanza kuuza kwa bei ya hasara, wakitukana kwa sauti bila kujua wamtukane nani hasa.

Darasani wanafunzi wangu waliniuliza kuhusu ujirani mwema, mada iliyomo kwenye kitabu chao. Nilisimama ubaoni nikawasomea faida za ujirani mwema kama zilivyoandikwa. Msichana mmoja wa mbele akaniuliza, "Mwalimu, sasa hivi tuandike nini kwenye mtihani?" Nikamwambia aandike kilichomo kitabuni.

Ukoo wetu ulikuwa na kundi la WhatsApp, watu wa pande zote mbili za mto. Zamani lilikuwa la salamu za asubuhi, picha za watoto na matangazo ya misiba. Ndani ya wiki moja likawa uwanja wa matusi. Kaka yetu, mtoto wa mama mkubwa, aliweka picha ya nyanya zake zilizooza kwenye matenga. Alikuwa amezivuna kwa ajili ya soko la Mbeya. Chini ya picha hiyo mdogo wangu akaandika, "Nchi kwanza." Maneno mawili tu.

Kaka akamjibu: "Nchi ipi, mdogo wangu? Aliyozaliwa mama yako au ile iliyokupa kofia?"

Mdogo wangu akajitoa kwenye kundi. Nilimpigia simu.

"Dada, wewe uko Iringa, hujui," alisema. "Hapa watu wananitazama. Juzi mmoja kaniuliza, eti nyumbani kwenu mnaongea lugha gani. Unaelewa maana yake?"

"Ungemjibu."

"Nimjibu nini? Kwamba mama yangu ni wa kule? Wakati huu?"

Nilimwonea huruma kidogo siku ile. Huruma hiyo ilidumu siku tisa tu, kwa sababu siku ya kumi mama mkubwa akafariki.

Mama alipigiwa simu alfajiri. Aliponipigia mimi hakuwa analia. Alisema, "Njoo unichukue, nakwenda kumzika dada yangu," kama mtu anayeagiza. Wakati huo alikuwa tayari anaumwa. Moyo wake ulikuwa umetanuka, miguu ilikuwa ikivimba, na madaktari wa hospitali ya Tosamaganga walikuwa wamemkataza safari ndefu. Nilimkumbusha. Akaniambia, "Wakuzikie ndugu yako wewe haupo, ndipo uje unikataze."

Nikamfuata, tukaondoka Mafinga siku hiyo hiyo na basi la mchana. Mama alibeba mchele, debe moja, kwa sababu kwa watu wake huendi msibani mikono mitupu. Tulilala Mbeya kwa rafiki yangu wa chuo, na kesho yake tukateremka Tukuyu, tukapita mashamba ya chai na migomba, mpaka kwenye joto la Kyela. Njiani nilimtumia mdogo wangu ujumbe kwamba tunapita. Akajibu kwamba yuko kwenye kikao, tutaonana tukirudi.

"Haji kuzika?" mama aliuliza.

"Hajapata ruhusa, mama."

Aliangalia nje ya dirisha. "Aliyembeba mgongoni," alisema.

Upande wetu tulipita bila shida. Upande wa pili ofisa alikuwa msichana, labda hakuwa amefika miaka thelathini. Alifungua mfuko wa mchele, akaufunga tena taratibu. Akamwambia mama kwa Kingonde kwamba anampa pole, kwamba na yeye ni mtoto wa kijiji cha jirani na alimfahamu marehemu, lakini mchele wa Tanzania hauruhusiwi. Mama akamwomba. Alimwambia ni chakula cha msiba, kitaisha kesho. Yule msichana machozi yakamlengalenga, lakini mkono wake ulibaki juu ya mfuko. Niliurudisha mchele upande wetu, nikampa mwanamke aliyekuwa akipika chakula karibu na kizuizi. Kwa hiyo mama yangu aliingia kwenye msiba wa dada yake mikono mitupu, akiwa na miaka sabini, mbele ya mawifi waliokuwa wakimsubiri kuona atakuja na nini.

Na walimsema. Hawakumsema usoni, lakini nyumba ya msiba haina kuta. Nilikuwa naosha vyombo nyuma nikasikia mmoja akisema, "Wana mchele mpaka wanaumwaga, lakini kwa marehemu hawakuona umuhimu." Nikataka kutoka nimweleze. Mama alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwangu, naye alikuwa amesikia. Akatikisa kichwa kunizuia. Kaka, yule wa nyanya, alitupokea vizuri mbele za watu, lakini siku zote tatu hakuniuliza hata mara moja habari za mdogo wangu.

Siku ya kuondoka, mabinti wa mama mkubwa walimwita mama jikoni. Juu ya moto, kwenye dari lililokuwa jeusi kwa moshi, yalining'inia mahindi ya mbegu yaliyofungwa pamoja kwa maganda yake. Ilikuwa mbegu ya bibi yetu, mzaa mama. Mahindi mafupi, punje nyeupe zenye mstari mwekundu, ambayo mama mkubwa aliyapanda kila mwaka katika lile shamba lililohamia Tanzania na kuyahifadhi kila mwaka juu ya moto wake. Alikuwa amewaagiza wanawe kabla ya kukata roho kwamba fungu moja apewe mdogo wake. Yalikuwa mahindi kumi na mawili. Mama aliyafunga ndani ya khanga, khanga akaiweka kwenye kikapu, na kikapu akakipakata mapajani njia yote mpaka mpakani.

Nilimwambia mapema. Naomba nieleweke kwamba nilimwambia. "Mama, haya watayakamata."

"Nani atayakamata? Si mwanangu ndiye anayekamata?"

Tulipofika upande wetu ilikuwa mchana, jua kali. Kulikuwa na foleni ya wanawake wenye vikapu na ndoo, na mbele yao meza ya mbao. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya meza hiyo, amevaa fulana ya kazi na kofia. Pembeni yake walikuwepo wenzake wawili na mwanaume mnene mwenye shati jeupe, ambaye nilielewa kwa jinsi wote walivyomtazama kwamba ndiye mkubwa wao. Mama alipomwona mtoto wake alinyooka. Kwa siku nne alikuwa akitembea ameinama, lakini pale alinyooka.

Ilipofika zamu yetu mdogo wangu alinitazama, akamtazama mama, halafu akatazama kikapu.

"Shikamoo," alimwambia mama, kwa sauti ile ile aliyowasalimia nayo wote waliotangulia.

"Marahaba, mwanangu." Akaongeza kwa Kingonde, akimwambia kwamba wamemzika vizuri, kwamba uso wake ulikuwa umetulia.

Nilimwona mdogo wangu akishtuka. Alijibu kwa Kiswahili. "Mama, fungua kikapu."

Mama alifungua. Alifungua khanga mwenyewe, kwa fahari, ili amwonyeshe. "Ni ya bibi yako. Mama mkubwa amekuachia na wewe."

Yule mwanaume wa shati jeupe akasogea. Aliyaangalia mahindi, akamwangalia mama, halafu akamgeukia mdogo wangu na kumuuliza, hata si kwa ukali, bali kama mtu anayetaka tu kujua, "Unamfahamu huyu mama?"

Nimefikiria jambo hili mara nyingi. Angeweza kusema ni mama yangu, mahindi haya hayaingii, namwomba aniachie. Angeyachukua na sisi tungemwelewa. Sheria ilikuwa sheria, hata yule msichana wa upande wa pili aliisimamia, na mama hakumchukia. Mdogo wangu alisema:

"Hapana, mkuu. Ni wasafiri tu."

Sikuweza kufungua mdomo. Najilaumu kwa hilo zaidi ya jambo jingine lolote maishani mwangu. Mimi, ninayesimama mbele ya watoto hamsini kila siku na kusema kwa sauti, nilisimama pale kama gogo. Niliogopa kumwaga unga wake. Niliogopa pia, kusema kweli, kwamba wakimuuliza yeye wataniuliza na mimi.

Mama hakubishana. Aliyatoa mahindi moja moja na kuyapanga mezani, yote kumi na mawili. Akaikunja khanga. Akasema, "Ndaga fijo," ambayo kwa lugha yao ni asante sana, asante anayopewa mtu wa heshima aliyekutendea wema. Mdogo wangu aliinamisha kichwa akaandika kitu kwenye karatasi. Hatukuwa tumetoka hata kwenye uzio nilipogeuka nikaona mmoja wa wenzake akiyabeba kwenda kwenye shimo walikokuwa wakichomea mazao yaliyokamatwa. Moshi ulikuwa umeshaanza kabla yetu. Mama hakugeuka.

Kutoka Kyela mpaka Mafinga alisema jambo moja tu, tulipokuwa tunapita Igawa na upepo wa Usangu unapiga vioo: kwamba anasikia baridi.

Ugomvi wa nchi hizi mbili haukudumu. Haikupita muda mrefu wakubwa wa pande zote walikutana, wakapeana mikono, wakapigwa picha wakiwa wamekaa kwenye viti vyenye maua katikati. Mazao yakaruhusiwa. Malori yakateremka tena na kupanda tena. Nilimsomea mama habari hiyo kwenye simu, tukiwa tumekaa barazani kwake Mafinga tunamenya njegere.

"Wamepatana, mama."

"Nani amepatana na nani?"

"Serikali. Yetu na yao."

Akaendelea kumenya. "Basi vizuri," alisema. Baada ya muda akauliza, "Wamesema nani atarudisha vilivyochomwa?" Hakuwa ananiuliza mimi.

Mdogo wangu hakupiga simu. Alimtumia mama vocha na sukari kwa mtu wa basi, mama akaigawa ile sukari yote kwa majirani bila kuonja.

Ulipokaribia uchaguzi, hali ya nchi nayo ikabadilika. Watu walianza kuongea kwa kuangalia nyuma. Vijiweni pale Iringa, mahali ambapo zamani walibishana siasa mpaka kahawa inapoa, sasa walibishana mpira tu. Na mitaani yakaenea maneno kwamba kuna wageni wameingia, wageni kutoka nchi jirani, wamejiandikisha, wanataka kuchafua amani. Ghafla kila mtu akawa anajua mgeni. Mwanamke jirani yetu Mafinga, aliyezalishwa na mama watoto wawili wakati gari la hospitali lilipokwama kwenye tope, alimwambia mwingine dukani kwamba "hata huyu Mnyasa wetu, sijui kama ana karatasi." Mara hii halikuwa jina la utani.

Mpakani walianza kuwahakiki wafanyakazi. Nani alikwenda kumsema mdogo wangu sijui, na wala hakuhitajika mtu wa kumsema. Kuna watu wangapi Kyela waliomjua tangu anabebwa mgongoni? Aliambiwa alete uthibitisho wa uraia wa wazazi wote wawili. Wa baba ulikuwepo. Ndipo akakumbuka njia ya kwetu.

Wakati huo mama nilikuwa nimeshamhamishia kwangu Iringa ili awe karibu na hospitali. Mdogo wangu alifika Jumamosi, saa nne asubuhi. Alikuwa amekonda. Alipiga magoti mbele ya kiti cha mama, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, akasema, "Mama, naomba karatasi zako."

Mama alinituma sanduku lake. Ndani kulikuwa na kadi za kliniki za watoto wake, cheti cha ndoa cha kanisani, kitambulisho cha baba, na kadi yake ya ubatizo iliyoandikwa kijiji alichozaliwa, ng'ambo ya mto. Kitambulisho chake mwenyewe hakikuwepo. Alikuwa amekwenda kujiandikisha mara tatu, na mara zote aliambiwa asubiri. Aliitoa kadi ya ubatizo akampa.

"Hii ndiyo niliyonayo."

Mdogo wangu aliisoma. Karatasi pekee yenye jina la mama yake ndiyo ambayo ingemmaliza.

"Nimekuja bure," alisema.

"Hujaja bure," mama alisema. "Kaa ule. Kuna ugali na figili, dada yako anakaanga na samaki."

Alisema ana haraka, basi la Mbeya linaondoka. Akasimama. Mlangoni aligeuka kama anayetaka kusema kitu, na mimi, nikiwa nimesimama na kisu cha samaki mkononi, nilimtangulia. Nilimwambia, "Si ulisema humfahamu? Umefuata karatasi za nani?"

"Mwache," mama alisema.

Alikwenda. Baada ya wiki tatu alisimamishwa kazi.

Siku za uchaguzi zilikuja na tukaona tuliyoyaona. Sitasimulia ya kila mahali, nitasimulia ya dirishani kwangu. Moshi wa matairi upande wa mjini. Milio ambayo mwanzoni tulijiambia ni mabati. Vijana wakikimbia kwa kuinama. Kisha simu zikanyamaza. Mtandao ulizimwa, na hata kupiga kawaida ikawa kwa kubahatisha. Likaja tangazo la kutotoka nje. Kutoka Mbeya na Tunduma tulisikia mambo ya kutisha, lakini tuliyasikia kwa mdomo, kwa jirani aliyesikia kwa jirani, hatukujua tuamini lipi.

Katikati ya siku hizo mama alizidiwa. Maji yalikuwa yamepanda kifuani, hakuweza kulala chali. Nilimwegemeza kwenye mito, nikamkalisha mbele yangu nikamshika kwa nyuma, siku mbili. Njia ya kwenda Tosamaganga ilikuwa na vizuizi na hakuna dereva aliyekubali. Siwezi kusema kwamba angepona kama tungefika. Nasema tu kwamba hatukufika.

Asubuhi ya siku ya pili, jua lilipokuwa limeshaingia chumbani, alifumbua macho akauliza kwa Kingonde, "Amekula?"

"Nani, mama?"

Akataja jina la mdogo wangu, lile jina la utotoni ambalo mama mkubwa alimpa. "Siku ile aliondoka bila kula. Mpikie samaki. Mwambie mahindi tutapata mengine."

Nilimwambia nitamwambia. Hakusema tena kitu cha kueleweka, na kabla ya saa sita akawa amekata roho.

Mazishi yake yalikuwa ya watu kumi na watano. Jirani mmoja mwenye pikapu alijitolea kutufikisha Mafinga, na kwenye kila kizuizi tulishushwa, jeneza likafunguliwa, uso wake ukaangaliwa, tukaambiwa tuendelee. Tulimzika kando ya baba, mchana, kwa haraka, bila kwaya, kwa sababu mikusanyiko ilikuwa imekatazwa. Ng'ambo hawakujua. Mtandao uliporudi, siku ya sita tangu uzimwe, niliandika kwenye kundi la ukoo kwamba mama ameshazikwa. Kaka yangu alisoma, nikaona kwamba amesoma, na saa kadhaa baadaye akaandika: "Kwa hiyo na wewe umetufanyia vile vile kama mdogo wako kwenye msiba wa mama." Nilimweleza kuhusu simu, kuhusu njia. Akasema huko kwao walisikia hakuna kilichotokea Tanzania, uchaguzi ulikwenda salama. Sijui kama ananiamini hata leo. Hawakuja kuhani.

Mdogo wangu alifika Mafinga siku tatu baada ya mazishi, njia zilipofunguliwa. Sikumtafuta, habari alipewa na mtu wa basi. Alikaa kwenye udongo wa kaburi mpaka suruali yake ikalowa kwa ukungu. Nilibaki jikoni. Majirani walimwendea, wakampa pole, wakasema "kamwene", salamu ya Kihehe, na kumshika mabega, na yule mwanamke wa maneno ya dukani alilia kuliko wote.

Jioni aliingia ndani. Tulikuwa wawili tu, na hatukuwa tumezungumza tangu ile siku ya kisu cha samaki.

"Dada," alisema, "mama alisema kitu? Kuhusu mimi?"

Nilikuwa napanga masufuria. Nilikuwa na maneno yote kichwani, na jina lile la utotoni, na samaki. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu.

"Hakusema kitu," nilimjibu.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa hukumu aliyokuwa ameitegemea. Asubuhi aliondoka. Sasa hivi anafanya kazi ya kupakia magogo kule Sao Hill. Shauri lake la kazi bado halijaamuliwa, na mikono yake, nimesikia, imeharibika kwa utomvu wa misonobari. Kutoka kwangu Iringa hadi hapo alipo si mbali. Naweza kwenda Jumamosi yoyote na kurudi. Kila mwisho wa wiki najiambia nitakwenda, na kila mwisho wa wiki nasahihisha madaftari ya Uraia. Bado sijamwambia.